Friji la Taisto

Jumapili, 12 Mei

...na ndiyo hivyo, kama nilivyokuwa nasema kabla kahawa haijafurika: panya wamelila friji la Taisto. Si friji la maziwa. Ni spika yake ya besi, kasha refu la mbao, ndani lina spika nane za inchi kumi, wanamuziki wenyewe ndio wanaliita hivyo. Lilikaa majira yote ya baridi kwenye banda la mashua. Barafu ilipoyeyuka ziwa likaingia, mbao zikavimba kama mkate uliozidi hamira, na yale makaratasi ya spika panya wameyafanya wodi ya wazazi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikauona uso wa Taisto, nikaacha.

Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliikimbia mapema. Mimi ni mtu wa kusema. Nauza kahawa, soseji na mikate ya iliki pale Kaislaranta, ukumbi wa dansi wa mbao kando ya ziwa, na lolote linalotokea kati ya hapa na mji wa Lahti linapita dirishani kwangu kabla halijamfikia mwenyewe. Ila hili nimekatazwa kulisema, na mdomo unaniwasha, ndiyo nikanunua daftari.

Jambo lenyewe: kaka yangu Taisto, mpiga gitaa la besi wa bendi ya Veijo, hasikii. Si kwamba anasikia kidogo. Ngoma ikipigwa nyuma yake anaweza kuendelea kumenya kiazi. Aliniambia Pasaka, tunakoroga uji.

"Irmeli, nikikuambia kitu kikatoka mdomoni mwako, mimi nimekwisha."

"Nimewahi kutoa siri yako mimi?"

"Ulitangaza mke wangu ananiacha kabla mimi sijajua."

Nikamwuliza, sasa unapigaje? Akagonga sakafu kwa kisigino. "Friji likiwa juu ya mbao, besi inaingia sakafuni, inapanda huku. Nyayo, goti, nyonga. Naisikia kuliko wewe." Vile vidude vya masikioni walivyompa hospitali anasema vinamletea maneno ya watu lakini besi vinaikata yote, muziki unabaki kelele za vijiko kwenye droo. Na kweli ameviweka kwenye droo, pamoja na vijiko. Maneno anayasoma midomoni.

Veijo akijua, atamchukua Heini, yule mwanamke wa besi wa Lahti, ambaye kila mtu anamsifu. Na Taisto atabaki na nini? Mke kaenda, kazi ya msituni wamemstaafisha. Ana Jumamosi zake za dansi tu. Ukimnyang'anya Jumamosi umemzika.

Kwa hiyo inatakiwa spika mpya kabla hatujafungua msimu. Na Veijo, aliyepasuliwa mgongo, anataka nyepesi.

Jumamosi, 18 Mei

Tumekwenda dukani Lahti, mimi, Taisto na Veijo. Veijo ndiye kiongozi, anapiga kodiani, mtu mwembamba, mdomo umefungwa kama pochi ya bahili. Sijawahi kumpenda.

Mwenye duka anaitwa Mauno, ndevu amezisuka kama binti. Akatutolea kasha dogo la spika mbili, jeusi, zuri, na amplifaya ndogo mfano wa kitabu cha nyimbo za kanisani. Akalinyanyua kasha kwa vidole.

"Mama, hili lina uzito wa paka."

"Paka wangu mimi au paka wa kawaida?" nikamwuliza. Wakacheka.

Akalifananisha na mengine. Hili la spika moja ya inchi kumi na tano, linanguruma zaidi ila linachelewa kujibu. Hili la spika nne, linasema mapema, ni zito. Na amplifaya zile za zamani zenye taa za kioo ndani, zinapata moto polepole, sauti yake ina nyama, ila kuibeba ni kama kubeba jiko. Veijo kusikia jiko akashika kiuno.

Taisto akapiga lile dogo. Akapiga lile la inchi kumi na tano. Mimi namwona, hatazami spika, anawatazama watu nyuso. Mauno alipofumba macho kwa raha kwenye lile dogo, Taisto akasema, "Hili."

Kwenye gari, Veijo amelala, nikamwuliza Taisto kwa midomo tu: ulisikia nini? Akatikisa kichwa. Sakafu ya duka ni saruji. Saruji haisemi. Kwa miguu yake makasha yote yalikuwa bubu sawasawa, akachagua la kumfurahisha Mauno.

Jumanne, 21 Mei

Nimekaanga maandazi ya sukari ya kufungulia msimu. Taisto kala manne, nikamfungia mengine.

Jumapili, 26 Mei

Tumefungua. Bora tusingefungua.

Lile kasha dogo waliliweka juu ya kistuli cha chuma chenye miguu ya mpira, eti sauti iwe safi. Na ilikuwa safi, kila mtu alisema. Mimi nikavua kiatu nyuma ya kaunta nikaweka unyayo kwenye mbao. Kimya. Sakafu imekufa.

Wimbo wa kwanza tango, ile dansi ya taratibu, Taisto akajitahidi, alikuwa anamtazama Pentti wa ngoma mikono. Wa pili humppa, mwendo wa mbio, na Pentti akageuka kumcheka mtu. Basi. Besi ikaenda zake, kodiani ikaenda zake. Wachezaji wakaanza kukanyagana. Mzee Aimo akasimama katikati, mke wa mwenzie mikononi, anasubiri kujua atoe mguu upi. Hapa ni nyimbo mbili mbili, baada ya hapo unamrudisha mama wa watu ulikomtoa. Jana wanaume waliwarudisha kabla ya ya pili kwisha. Sijawahi kuona.

Mapumziko, Veijo akamleta Taisto mpaka dirishani kwangu.

"Taisto, umekunywa?"

Taisto akamsoma mdomo. Nikamwona anafikiri. Akasema, "Kidogo."

Veijo akanigeukia. "Irmeli, kweli huyu?"

Na mimi, ambaye nilikuwa nimebana mdomo tangu Pasaka, nikaona mlango umefunguka. "Kidogo? Huyu? Kaanza asubuhi na mapema! Nimemwambia, kaka, leo kuna kazi, hasikii!" Na maneno yakanoga, nikaongeza chupa chini ya kitanda, nikaongeza na upweke. Dansi inakwisha, Kaislaranta nzima inajua Taisto mlevi. Wengine wakaniambia walijua zamani.

Taisto hanywi. Ana kisukari, daktari kamkataza, na hata kabla ya daktari bia moja ilikuwa inamtapisha. Lakini mlevi husamehewa huku kwetu. Kila nyumba inaye. Kiziwi kwenye bendi nani atamsamehe?

Nililala vizuri, niseme kweli. Niliona tumepona.

Jumatano, 5 Juni

Kasha dogo limerudishwa dukani. Taisto kaazima mawili mengine, tumekwenda nayo ukumbini mchana, hakuna mtu, mbu tu. Yeye anapiga, mimi nipo peku kwenye mbao za jukwaa kama mtoto mtoni, na yeye peku. Soksi tumezitundika kwenye kipaza sauti.

La spika moja kubwa lilinipiga tumboni, nyayoni hakuna kitu. "Hili ni la walaji," nikamwambia. La spika nne likaja mpaka kwenye kifundo. Tukalisogeza. Ukiliweka katikati ya ubao, ubao unatikisika na kulia vibaya. Ukiliweka pale misumari ilipopita, juu ya mhimili, inaingia sakafu nzima, mpaka mlangoni nilisimama nikaisikia. Taisto akanyoosha mkono hapa, gotini. "Limefika hapa tu. Friji lilikuwa linafika kwenye meno."

Tumecheka leo kama zamani tukiwa wadogo. Aliniuliza, wimbo wa mwisho siku ile ya kufungua ulikuwa taratibu au haraka? Nikamwambia haraka. Akasema, "Nilidhani hivyo."

Jumapili, 9 Juni

Mvua. Hakuna la maana.

Jumatano, 12 Juni

Friji limepatikana! Orimattila, kwa mjane mmoja anaitwa Ulpu. Mume alikuwa anapiga besi, akafa. Tulipoingia sebuleni lilikuwa limefunikwa kitambaa cha kufumwa, juu maua.

"Marehemu alilipenda kuliko mimi," Ulpu akasema. "Sasa limepata adabu, linanibebea maua."

Na amplifaya yake ya taa za kioo, imefutwa vumbi kila wiki. Sakafu ya Ulpu ni mbao. Taisto akavua viatu bila kuomba, akaweka vidole kwenye nyuzi, noti moja tu, ndefu. Glasi kabatini zikalia. Ulpu akaziba mdomo, akaanza kutoa machozi, kumbe tangu mume afe halijawahi kusema. Na Taisto naye machozi. Nikabaki mimi tu, na mimi nani, nikalia pia.

"Chukueni," akasema Ulpu. "Ila lisilale kwenye banda la mashua."

Sasa Veijo na mgongo wake. Tumekubaliana litakaa hapo hapo jukwaani msimu wote, halibebwi. Veijo akasema, "Sawa," na kwa Veijo hiyo ni hotuba.

Ulpu kasema atakuja kunisaidia kuuza kahawa. Mwanamke wa maana. Msikivu.

Ijumaa, 21 Juni, mkesha wa Juhannus

Sikukuu ya katikati ya kiangazi, moto mkubwa ziwani kama desturi, watu hata pa kukanyaga hapana. Na friji juu ya mhimili, juu ya misumari, taa za amplifaya zinawaka rangi ya chungwa. Taisto kasimama na viatu vya soli nyembamba kama karatasi. Jamani! Sakafu ilikuwa inahema. Humppa mpaka vikombe vyangu vilitembea. Wanawake zamu yao ya kuchagua ilipofika walikimbia, Ulpu akamchukua mzee Aimo kama anamkamata mwizi.

Pentti wa ngoma alikuja kunywa kahawa, jasho linamtoka. "Irmeli, kaka yako kaacha pombe?"

"Kaacha," nikasema. "Nimemwapisha mwenyewe."

Unaona? Hata sifa nikachukua.

Jumamosi, 29 Juni

Mvua, watu wachache, soseji zimebaki. Taisto kapiga vizuri.

Jumamosi, 6 Julai

Taisto anasema friji limepungua nguvu. Anaongeza sauti. Mimi nyuma ya kaunta naisikia magotini, yeye anasema imefika kwenye kifundo tu.

Jumatano, 10 Julai

Kabadilisha waya. Kabadilisha taa za kioo kwenye amplifaya. Kafungua mgongo wa kasha, spika moja moja, kaweka kiganja juu ya kila karatasi huku mimi napiga waya mmoja wa gitaa kama mjinga. Zote nane nzima. Kiganjani anasema iko, mguuni haipo.

"Basi sakafu imeoza," akasema.

Nikavua viatu nikasimama pembeni yake. Ilinitetemesha mpaka kwenye mapaja. Nikamwambia ipo. Akanitazama kama nimemtukana. Akasema anataka amplifaya kubwa zaidi, kuna moja ya nguvu mara mbili kwa Mauno. Tumebishana. Nikamwona anazeeka na kuwa mkorofi, nikaenda kukaanga maandazi.

Jumamosi, 13 Julai

Veijo kasimamisha wimbo katikati. "Taisto, samaki wanahama ziwa!" Watu wakacheka. Mmoja akapiga kelele, "Mnyang'anye chupa!" Taisto kashuka ngazi za jukwaa akayumba, akashika ukuta. Nikasikia karibu yangu wanasema, karudia yule.

Nikafuta kaunta iliyokuwa safi tayari.

Jumapili, 14 Julai



Jioni Taisto alikuja sauna kwangu kuoga mvuke kama kila Jumapili. Moto ulikuwa mkali, jiko la chuma limekuwa jekundu ubavuni. Yeye alikaa benchi la chini, miguu kanyoosha mbele. Anaongea habari za amplifaya ya Mauno, eti yenye nguvu mara mbili itaiamsha sakafu. Namwaga maji kwenye mawe, mvuke unapanda, nikasikia harufu. Kama nguruwe anayebabuliwa. Nikadhani kipande cha soseji kimedondoka kwenye jiko, nikainama kutafuta.

Kisigino cha Taisto kimeegemea chuma. Kimegandia. Na yeye anaendelea, "...halafu zile nyaya nene nitazifunga moja kwa moja..."

"Taisto! Mguu!"

Akanisoma mdomo. "Mguu gani?"

Nikauvuta. Ngozi ilibaki kwenye chuma. Sitaandika zaidi. Yeye akautazama mguu wake kama wa mtu mwingine. Akachukua kopo la maji baridi akamwagia. Kisha akashika kidole gumba cha mguu akakibana kwa kucha, akabana na cha pili, na cha tatu.

"Haisikii," akasema. "Kumbe si friji."

Ni kisukari. Kinakula mishipa kuanzia mwisho, mama yetu kilimwanzia hivyo hivyo. Na nani aliyekuwa anamfungia maandazi ya sukari? Mimi.

Nikamwambia twende hospitali sasa hivi. Akakataa. "Wakiniona wanalaza. Wakinilaza Veijo anamwita Heini, na Heini akishaingia hatoki. Msimu ukifungwa nakwenda. Nipe mpaka tufunge."

"Mguu utaoza!"

"Irmeli. Masikio yamekwenda, sikulia. Sasa miguu. Niache nimalize."

Nimefunga kwa dawa ya vidonda na kitambaa safi. Nimeahidi tena. Mimi, mtu wa maneno, mwaka huu nimegeuka sanduku la siri.

Jumamosi, 20 Julai

Hakupiga vizuri. Wanasema pombe.

Alhamisi, 25 Julai

Wazo langu mwenyewe, niliamka nalo. Mguu hausikii, sawa, makalio je? Tumekwenda ukumbini, tukalilaza friji kwa ubavu, Taisto akalikalia. Akapiga noti. Uso wake ulifunguka kama dirisha.

"Iko wapi?" nikamwuliza.

"Mgongoni. Inapanda mpaka kisogoni."

Tukajaribu na lile la spika nne, tulikuwa hatujalirudisha. Linachoma sehemu moja tu. Friji linakukumbatia nyuma kote. Na ukilikalia katikati ni bora kuliko pembeni. Sasa mimi ndiye bingwa wa kulinganisha spika kwa makalio nchi hii, tuzo walete.

Kidonda kinanuka. Nimebadilisha kitambaa. Kimekuwa na ukingo mweusi.

Jumamosi, 27 Julai

Kapiga kakaa. Hakukosea hata mara moja. Veijo akamtania kwenye kipaza sauti, "Tusimsumbue Taisto, anaatamia." Ukumbi ukavunjika kwa kicheko, Taisto hakusikia, akaona meno ya watu, akacheka pia. Tango zake zilikuwa nzito na tamu, Ulpu alisimama na birika mkononi hamwagii mtu. Akasema, "Hivyo ndivyo lilivyokuwa linasema kwetu."

Wakasema kakaa kwa sababu hawezi kusimama, kalewa.

Jumamosi, 3 Agosti

Vizuri. Homa kidogo, anasema mafua.

Jumamosi, 10 Agosti

Vizuri. Nilimwambia kesho hospitali. Akasema zimebaki Jumamosi tatu tu, usinihesabie kama mlezi. Giza limeanza kurudi jioni, tumewasha taa za ziwani.

Jumatatu, 19 Agosti

Niandike yote au nisiandike kabisa. Naandika.

Jumamosi Taisto alifika amekuwa mwekundu, macho yanang'aa. Nikamgusa paji, jiko. Akasema seti ya kwanza tu. Akapiga seti ya kwanza, amekaa, anatetemeka, na hakukosea. Mapumziko akatoka mlango wa nyuma kupata hewa.

Mimi nilikuwa na foleni ya soseji mpaka kwenye ngazi. Mzee Aimo akapita akasema, "Irmeli, kaka yako kalala kwenye majani kule nyuma." Na mwingine nyuma yake: "Tumemgeuza ubavu asijitapikie. Koti tumemfunika." Watu wema. Wanacheka kidogo, si kwa ubaya.

Nilijua. Lakini wote wananitazama, na nikafikiri, nikikimbia watajua si pombe, wataanza kuuliza, na yeye ameniomba mpaka tufunge. Nikajiambia kakaa chini apumzike. Nikasema, kwa ile sauti yangu ya kuchekesha, "Mwacheni alale, ataamka na kichwa chake mwenyewe!" Wakacheka. Nikauliza anayefuata anataka haradali au bila.

Wakati huo bendi imerudi bila besi, Veijo katangaza nyimbo mbili, na nyingine mbili. Watu walipita pale majanini kwenda chooni na kurudi. Kila mmoja alimwona. Hakuna aliyesimama, kwa sababu mimi niliwaambia tangu Mei ni kitu gani wanachokiona.

Ulpu ndiye aliyenishika mkono. "Irmeli, mume wangu alikuwa mlevi kweli. Yule kule hajalewa. Nimepita, hanuki pombe. Ananuka mguu."

Nikaacha soseji zikaungua.

Alikuwa hajitambui. Gari la wagonjwa lilichelewa, njia yetu ni ya vumbi. Sumu imeingia kwenye damu, wamesema. Usiku ule ule wamekata mguu chini ya goti. Daktari, mwanamke mpole, akaniuliza kwa nini hakuletwa mapema.

Veijo alikuja hospitali leo, kavaa suti ya bendi, nadhani hana nyingine. Tumekaa barazani kwenye viti vya plastiki. Nikamwambia yote. Masikio, miguu, friji, kukalia. Nikasubiri anifokee.

Akasema, "Masikio tunayajua tangu mwaka juzi."

"Mnayajua?"

"Unadhani Pentti kageuza ngoma zake kwa nini? Unadhani mimi napiga mguu chini kama farasi kabla ya kila wimbo kwa nini? Yule Heini kaniomba nafasi, nimemkatalia, nimemkatalia tena. Besi ya Taisto hakuna anayo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Angeona aibu." Akatazama viatu vyake. "Kila mtu alijua, Irmeli. Tulinyamaza tu. Tulidhani hata wewe hujui, maana ungejua tungekwisha kusikia."

Muuguzi akapita na kitoroli.

"Ila ile pombe," Veijo akasema, "ile tuliiamini. Wewe ndiye uliyetuambia."

Yule mtu niliyemwita pochi. Alikuwa analia, na mdomo umefungwa vile vile.

Alhamisi, 22 Agosti

Ameamka. Hakuna kusoma mdomo wangu, unatetemeka sana, nimemwandikia kwenye karatasi. Swali lake la kwanza: "Friji liko wapi?" Nikaandika: jukwaani. Akasema lisilale kwenye banda.

Nikamwandikia Veijo anajua, wote wanajua, tangu zamani. Akaisoma, akairudia. Akageukia ukutani.

Jumapili, 25 Agosti

Mguu uliobaki una doa jeusi kwenye kidole.

Alhamisi, 29 Agosti

Doa limepanda. Homa imerudi usiku. Daktari anasema moyo umechoka, hawezi kukata tena mpaka homa ishuke, na homa isiposhuka, basi. Kasema nisizime simu. Nilitaka kukaa naye Jumamosi badala ya kufunga msimu. Taisto akakataa, akasema kwa ile sauti yake ya juu ya mtu asiyejisikia, wodi nzima ikageuka: "Nenda. Vua viatu. Uniandikie inafika wapi."

Jumamosi, 31 Agosti

Naandika hapa hapa kwenye kaunta, kahawa ajihudumie anayetaka. Niko peku. Simu nimempa Ulpu aiangalie, yeye ana macho, mimi nina kazi.

Taa zimewashwa ziwani kote. Watu wamejaa. Heini kaja na kasha lake dogo, lile lile la uzito wa paka, Veijo kamwambia liache garini. "Hapa tunapigia friji." Heini akasema kwake linamshinda, ni kubwa. Veijo akamwambia, "Kaa juu yake." Na amekaa.

Taisto, wimbo wa kwanza, tango. Imefika kwenye kifundo. Heini alikuwa anaogopa.

Wa pili, tango pia. Goti. Pentti kageuza ngoma kumwelekea mtu aliyekaa pale, bila kufikiri.

Humppa. Kiunoni. Mzee Aimo kacheza kavua kofia. Amekuja kuniomba radhi kwa ajili ya majani, nikamwambia ni mimi. Hakunielewa, kelele.

Heini anapiga vizuri, Taisto. Imeniuma, lakini nakuandikia kweli, mwaka huu nimeongopa ya kutosha. Ila hajui kuivuta noti ya mwisho kama wewe, anaikata mapema, sakafu inabaki inasubiri.

Wanawake wanachagua. Veijo kasema kwenye kipaza sauti wimbo huu ni wa Taisto, na aliyewahi kusema kalewa acheze kwa adabu. Wamesimama wote, hawajaanza. Sasa wameanza. Inapanda, iko tumboni, kifuani, Taisto, inakuja mpaka kwenye me—

Ulpu anakatiza ukumbi katikati ya wachezaji, anawasukuma, simu kainyanyua juu. Anasema, Irmeli, hospitali, wanasema uje sasa hivi, acha kalamu, viatu viko wa—